Mwandishi Aliyemwamini Mume

Dada yangu mkubwa alirudi nyumbani Suguti jioni, akipitia kwenye mihogo nyuma ya nyumba ili majirani wasimwone. Alikuwa ameolewa Butiama. Alikaa kule miaka mingi bila kupata mtoto, na mwishowe mama mkwe wake akamwambia mbele ya ukoo kwamba hazai kwa sababu alitoa mimba huko kwao usichanani, tumbo likaharibika. Mume wake alikuwa amekaa palepale, anaangalia chini. Kulipokucha dada akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaondoka.

Haya alinisimulia baadaye sana. Jioni ile hakusema lolote. Aliingia chumba cha ndani akalala ameelekea ukutani, akaendelea kulala hivyo siku baada ya siku. Mama alimpelekea uji, akautoa umepoa, umeshika ngozi juu. Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea, wakaimba, wakaondoka. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, kutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa kitinda mimba; dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Sasa nilizunguka uani kama mgeni, sijui nimwambie nini mtu aliyenifundisha kuongea.

Nilichokuwa nacho ni riwaya moja niliyoiazima maktaba ya chuo. Jina la mwandishi lilikuwa geni kwangu. Nilikaa chini pale mlangoni, penye mwanga, nikaanza kusoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

Ilikuwa habari ya mwanamke wa kando ya ziwa aliyeachwa kwa sababu hakuzaa. Ningejua mapema nisingeichagua. Nilipofika mahali anapofukuzwa niliona aibu, nikanyamaza, nikataka kukifunga kitabu.

"Endelea," dada akasema bila kugeuka.

Nikaendelea. Mwanamke wa kwenye riwaya hakurudi kwao kwa kujificha. Alirudi saa ambayo watu wanakwenda kuchota maji, akapita barabara kubwa na mzigo kichwani, anasalimia kila mtu, na wanaomwuliza anakwenda wapi anawajibu kwamba anakwenda kwao. Alipofika uani kwa baba yake alishusha mzigo mwenyewe, akaomba jembe. Mwandishi hakumletea mume mwingine wala mtoto wa muujiza. Alimpa shamba, akampa wanawake wenzake wa kuongea nao, akamwacha azeeke na heshima yake. Sababu ya kutozaa hakuitafuta kabisa. Alisema tu kwamba mwanamke yule hana cha kuungama, akaliacha jambo hapo.

Nilipomaliza, niliinua macho nikakuta dada amekaa kitandani, miguu iko chini.

"Huyu aliyeandika ana dada?" akaniuliza.

"Sijui. Kwa nini?"

"Anaye. Na walimrudisha. Huwezi kuyajua haya kama hujakaa nyumba moja na mtu wa hivyo."

Siku chache baadaye alitoka nje asubuhi, akanawa uso, akamwomba mama jembe. Mama alimpa akidhani ni mambo ya kawaida tu ya mtu aliyepata nafuu. Mimi nilijificha jikoni nikalia, kwa sababu nilijua jembe lile limetoka wapi.

Tangu siku hiyo mwandishi yule alikuwa wangu. Nilipoanza kazi nilinunua kitabu kile nikampelekea dada, naye akakisoma mpaka jalada likabanduka, akalishonea na uzi wa nyavu. Wakati huo alikuwa ameshapata shamba Bugwema. Alilima mihogo na mtama, akajenga nyumba ya bati, akakaa peke yake, na ikaanza kuwa kawaida kwa wanawake wenye matatizo ya ndoa kupita kwake. Hakuwa na ushauri mwingi. Alikuwa anawapa chakula, anawasomea ile sehemu ya mwanamke kurudi kwao, kisha anawaambia, "Na wewe ukiamua kurudi, usipite kwenye mihogo." Wengine walirudi kwa waume zao, wengine hapana. Lakini nilishawahi kusimamishwa sokoni Musoma na mwanamke nisiyemjua akaniuliza kama mimi ni mdogo wake na yule mama wa Bugwema mwenye kitabu.

Mimi nilipangiwa Bunda, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na huko Bunda nilizeekea. Kila mwandishi wangu alipotoa kitabu nilikinunua. Vingine havikuwa vizuri, na mwalimu mmoja wa jiografia alipenda kunichokoza ofisini.

"Mwandishi wako ana kitabu kimoja tu," alikuwa anasema. "Vingine vyote anakitafuta kile kile hakioni."

"Kimoja kinatosha," nilimjibu. "Wewe una kingapi?"

Tulikuwa tunacheka. Lakini ndani yangu sikuwa nacheka. Nilimwamini yule mtu namna ambayo sikuwaamini hata baadhi ya wachungaji. Nilipogombana na mume wangu, nilipomzika mama, nilipokuta mwanafunzi analia chooni, nilikuwa najiuliza yeye angeliandikaje jambo hili, angemtazama nani kwa huruma. Picha yake nyuma ya jalada ilimwonyesha kijana mwembamba mwenye shati la mikono mifupi, na miaka yote nilimwona hivyo, hazeeki.

Kisha akanyamaza muda mrefu. Nilidhani amekufa. Halafu muuza vitabu mmoja wa Musoma, anayejua ugonjwa wangu, akanitumia ujumbe kwenye simu: riwaya mpya imetoka, na inaendeleza habari za yule mwanamke.

Nilimpigia dada palepale, nikiwa bado nimesimama nje ya darasa.

"Amerudi," nikamwambia.

"Nani?"

"Mwanamke wetu. Kuna kitabu cha pili."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Mdogo wangu," akasema, "bado yuko hai?"

Alinikataza kukisoma kabla yake. Nilikitunza kwenye begi mpaka shule zilipofungwa, nikasafiri nacho mpaka Bugwema bila kukifungua, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Dada alikuwa ameshafagia uwanja. Alikuwa amechemsha viazi, amekaanga sato aliyenunua kwa mchuuzi asubuhi, na amevaa gauni lake la kanisani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe masikioni. Macho yake nayo yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo tulikubaliana nitasoma mimi, kama zamani. Tukakaa barazani, yeye na ungo wa karanga za kubangua mapajani, mimi na kitabu.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za watu wa mjini. Kulikuwa na mfanyabiashara, kulikuwa na hoteli, kulikuwa na msichana anayebadilishiwa magari. Sentensi zilikuwa ndefu na hazina mtu ndani. Nilikuwa nasoma huku nikimtazama dada kwa pembeni.

"Labda anamchelewesha makusudi," akasema. "Ndivyo alivyo. Anatuandaa."

Nikasoma tena. Jua likahama, tukasogeza mkeka. Hatimaye mwanamke wetu akatokea, na dada akaacha kubangua karanga.

Mwandishi alikuwa amemfanya kikongwe mchekeshaji. Alikuwa analewa pombe ya mtama vilabuni, anavua kitambaa anacheza, watoto wanamfuata wanapiga makopo. Lile shamba alikuwa ameliuza. Nilijaribu kusoma haraka ili tupite pale, nikidhani mbele kuna kitu. Mbele kulikuwa na ungamo. Mwanamke yule aliugua, akamwita mtu wa dini, akasema kwamba kweli, alipokuwa msichana alikunywa dawa akatoa mimba, na Mungu akamfungia tumbo. Akasema mume wake alikuwa mtu mwema aliyebeba aibu isiyo yake. Akanyanyuka kitandani akaenda kwa yule mume, akapiga magoti uani, na wale watu wakamsamehe, wakampa chumba nyuma ya jiko afie hapo. Kitabu kilikwisha akiwa anafagia ule uwanja, anaimba. Mwandishi aliuita mwisho ule amani.

Nilipofunga kitabu sikuweza kumtazama dada usoni. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya karanga, viganja juu.

"Basi walikuwa sahihi," akasema.

"Dada, hapana. Hii ni hadithi tu."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa hadithi."

Nina vyeti vya lugha na fasihi, nimefundisha watoto wa watu nadharia za uhakiki mpaka nimepoteza sauti, na pale barazani nikaanza kutafuta visingizio. Nilisema mwandishi amechoka. Nilisema labda walimlazimisha wachapaji. Dada alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza watu wa kampeni, kisha akanyanyuka akaenda kuwafungia kuku, na jua lilikuwa bado juu.

Mwezi uliofuata nikasikia mwandishi anakuja Musoma kuongea na wasomaji. Nilimwomba dada twende wote. Alikataa. "Nikamwangalie nini?" akasema. "Wewe nenda, mimi nina palizi." Hakuwa na palizi yoyote, mtama wake ulishavunwa.

Ukumbi ulikuwa maeneo ya Iringo, karibu na maduka, viti vya plastiki vimepangwa na feni moja inazunguka. Wanafunzi walikuwa wameletwa na sare zao, walimu tulikaa mbele, na soda zilikuwa zinagawiwa. Alipoingia sikumtambua. Nilikuwa natafuta yule kijana wa kwenye jalada. Alikuwa mzee mnene kidogo, mguu mmoja unamsumbua, anashika kuta. Aliongea vizuri. Alichekesha watoto. Aliposema kuhusu ziwa na upepo wake nikasikia ile sauti ya kitabu cha kwanza, na moyo wangu mjinga ukaruka, nikafikiri pengine sisi ndio hatukuelewa.

Niliponyoosha mkono walikuwa wanakaribia kufunga. Nikasimama, nikasema mimi ni mwalimu kutoka Bunda, nimesoma vitabu vyake vyote, na nina swali moja: yule mwanamke ambaye hakuwa na cha kuungama, kwa nini amemwungamisha?

Watu waligeuka kunitazama. Yeye akatabasamu. "Mwalimu amesoma kwelikweli," akasema, ukumbi ukacheka. Kisha akasema binadamu wote wana makosa, na mwandishi akikua anajifunza kutomfanya mtu malaika. Wakapiga makofi. Nikakaa.

Lakini baada ya hapo, watu walipokuwa wanapiga naye picha, aliniita kwa mkono. Tukasimama kando ya dirisha. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akaniuliza kama nimekasirika.

"Sijakasirika," nikamwambia. "Nina dada yangu alirudishwa kwa sababu hiyo. Kitabu chako ndicho kilichomwinua kitandani."

Alinitazama kwa wema. Ninasema kweli, alikuwa na wema machoni. "Pole sana," akasema. "Mpe salamu zangu."

"Alidhani na wewe una dada aliyerudishwa."

"Mimi? Hapana. Sisi kwetu tulizaliwa wanaume watupu."

"Sasa yule mwanamke ulimtoa wapi?"

Akafikiri. Ilibidi afikiri, na hilo peke yake liliniumiza. "Kuna bwana mmoja nilikuwa nafanya naye kazi," akasema. "Alimwacha mkewe kwa sababu hazai. Alikuwa anatusimulia wakati wa chai. Alisema mke aliondoka mchana kweupe, anasalimia watu njiani, yaani hana haya. Yule bwana alikuwa anatueleza ubaya wa mwanamke, mimi nikaupenda ule mwendo. Nikauandika."

"Na habari ya kutoa mimba?"

"Alisemaga yeye yule yule. Wakati ule sikumwamini."

"Sasa hivi unamwamini?"

Kijana mmoja alikuja na kitabu kutaka saini, akamwekea saini, akamshukuru. Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo sana, "Mwalimu, mke wangu ameniacha uzeeni. Amechukua vitu vyake mchana, amepita kwa majirani wote akiaga. Mwanamke akiondoka hivyo, anayebaki na aibu ni mwanaume. Hilo nilikuwa silijui nilipokuwa kijana."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ningekuwa nimekuta mtu mwenye kiburi ningeondoka na hasira yangu nzima, ingenisindikiza mpaka Bunda. Nilikuta mzee aliyeumizwa, aliyechukua kidonda chake akampaka mwanamke ambaye dada yangu alikuwa anaishi kwa kumtegemea. Nikamwambia pole. Tukaagana kwa mikono miwili. Nilitoka nje nikatembea mpaka ziwani, penye yale mawe makubwa, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba watu wakiniona wangeweza kudhani machozi yananitoka kwa sababu ya upepo.

Nilipofika Bugwema, dada aliniuliza mwenyewe mzee alisema nini. Sikutaka kumwambia, lakini hajawahi kunificha kitu, nami sikuweza kukaa mbele yake nikitunga. Nikamweleza yote: yule bwana wa kazini, wakati wa chai, mke wa mzee aliyeondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Kwa hiyo alimsikia mume," akasema. "Mke hakuulizwa."

"Hakuulizwa."

"Mara ya kwanza wala mara ya pili."

"Hapana, dada."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Nataka kwenda Butiama."

Nilishtuka. Hakuwa amekanyaga Butiama tangu aondoke. Habari za kule alikuwa hataki kuzisikia. Mtu akianza kuzieleza alikuwa ananyanyuka. Hata mume wake alipofariki, taarifa zilipomfikia alisema "Mungu ampumzishe" na akaendelea kumenya mihogo.

"Kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

"Wa nini? Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu. Unajua wewe, na mimi najua." Akanitazama, na sijawahi kumwona amechoka vile, hata siku zile za kulala akielekea ukutani. "Lakini nimechoka kuwa sahihi peke yangu. Nilikuwaga na yule mwanamke. Tulikuwa wawili. Sasa naye amekwenda kupiga magoti, mimi nimebaki na nani?"

Nilibishana naye. Nilimwita kwa majina ya utotoni, nilikasirika, nilimwomba. Alisema kama siendi naye atakwenda peke yake.

Tukaenda. Tulifika Butiama asubuhi, kuna baridi ya vilima na ukungu mwembamba juu ya migomba. Dada aliijua njia bila kuuliza. Boma lilikuwa limechakaa. Nyumba kubwa imeezuliwa upande mmoja, zizi tupu. Mama mkwe wake alikuwa bado hai. Alikuwa amekaa juani kwenye kiti cha kamba, mdogo kama mtoto, rozari shingoni, na mjukuu wa ukoo mmoja, msichana mkubwa aliyekuwa anamtunza, akamwinamia sikioni akamwambia nani amekuja.

Yule bibi alimtazama dada kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Dada hakuishika. Alipiga magoti pale uani, akaweka kiganja chini kwenye vumbi, akasema, "Mama, nimekuja mnisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Yale mliyosema."

Bibi aligeuka kumtazama msichana, kama vile anatafuta msaada. "Nilisema nini?"

"Kwamba nilitoa mimba."

Niliona uso wa yule bibi unavyolitafuta neno lile, na niliona pale alipolipata. Alishika rozari yake. "Hayo," akasema. "Hayo tulisemaga tu, mwanangu. Watu walitaka sababu."

"Baada yako tulimletea mwingine," bibi akaendelea, na sauti yake ilikuwa inapungua. "Mwanamke alikuwa na mtoto tayari kwao, tukasema huyu anazaa. Akakaa, akakaa. Hakushika mimba. Akaondoka, akaolewa na mtu mwingine, akazaa huko. Ndipo tukajua ni kijana wetu."

"Mlijua," dada akasema.

"Tulijua."

"Mbona hamkuniletea neno?"

Bibi alianza kulia bila sauti, machozi yanapita kwenye mikunjo. "Aibu, mwanangu. Ni mwanangu yule. Ningemtangazaje?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na nilitegemea dada ainuke. Miaka yote ile alikuwa sahihi, na sasa mtu pekee aliyebaki wa kulisema alikuwa amelisema kwa mdomo wake. Nilitegemea uso wake ufunguke. Badala yake mabega yake yalianguka, na sauti ikamtoka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini, ya mnyama aliyebanwa. Alilia akiwa amepiga magoti vilevile. Nilipomshika alikuwa mzito, kama amejazwa maji. Yule msichana alileta mkeka, akasimama nao mkononi hajui autandike wapi.

Tulikaa mpaka mchana. Bibi alitaka tule, tukala ugali na maziwa ya mgando kwa sababu ilikuwa vigumu kukataa. Hawakuongea tena jambo lile. Waliulizana habari za magonjwa, nani amekufa, nani amehama. Wakati wa kuondoka bibi alimshika dada mkono akamwambia amemsamehe, nadhani alikuwa amechanganya, na dada akasema, "Asante, mama."

Tulipokuwa tunasubiri gari, dada akasema mwenyewe, huku anakung'uta vumbi kwenye magoti, "Bora nisingekuja."

"Lakini umejua ukweli."

"Ukweli ulikuwa wapi nilipokuwa naweza kuolewa tena? Nilipokuwa naweza kuzaa?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Mimi nilikaa na jibu la kwenye kitabu. Kwamba sina cha kuungama, basi. Lilinitosha, sikutafuta jingine. Sasa nimelijua hili la pili na nimeshazeeka."

Kama ningelaumu mtu, sijui ningemlaumu nani. Mwandishi alimpa dada yangu miguu ya kusimama, kisha akaja kuichukua. Na mimi ndiye niliyekuwa nasoma, mara zote mbili, kwa sauti yangu hii.

Dada yuko Bugwema. Analima kidogo, si kama zamani. Wanawake bado wanapita kwake, lakini hawasomei tena. Anawapa chakula, anawasikiliza, wanaondoka. Nikienda tunaongelea mvua, na watoto wangu, na goti lake. Safari moja nilibeba riwaya ya mwandishi mwingine, kijana, anayesifiwa sana. Nilipoitoa kwenye begi aliniwekea mkono juu ya mkono wangu. "Iache, mdogo wangu," akasema. "Tukae tu."

Kazini bado nafundisha fasihi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nauliza dhamira, nauliza wahusika, nasahihisha. Yule mwalimu wa jiografia amestaafu, na sijamwambia kwamba alikuwa ameona jambo. Lakini kusoma kule kwa zamani, kule kwa kujitupa ndani kama mtu anayeingia majini bila kupima kina, hakupo tena. Jioni nikifungua kitabu kipya, na kwenye ukurasa wa kwanza akatokea mwanamke, labda anachuuza dagaa, labda anasuka nywele za mtoto, na ameandikwa vizuri, naanza kumpenda. Hapo hapo nasimama. Namfikiria huyo aliyemwandika, nani atakuja kumwumiza, na akiumia atamwumiza nani. Ninamwonea huruma yule mwanamke, ambaye hajui bado. Kisha nafunga kitabu, nakwenda kuinjika chai.